Kipimo cha sukari kesho asubuhi
Wapendwa, habari za jioni. Kesho tunapima saa 2 asubuhi, kwa hiyo mwisho wa kula ni saa 4 usiku huu. Zinahitajika saa 8 kamili bila chakula, tumeongeza 2 za akiba. Baada ya hapo ni maji matupu tu, na mnywe ya kutosha ili mshipa uonekane. Chai isiyo na sukari nayo haimo, wala bablishi, wala sigara.

Safari iliyopita kuna mtu alimung'unya pipi ya kikohozi njiani, akarudishwa nyumbani. Ndiyo, ni mimi.

Wenye vidonge vya sukari au insulini, msitumie kwa mazoea tumbo likiwa tupu. Mpigieni daktari wenu leo hii. Wanaopima wastani wa miezi 3, nyie kuleni tu.