Barua ya posa imefuliwa

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Shemeji hajambo? Na huyo mwanangu, meno yameshatoka? Sisi huku Tandika wazima, Bibi anakusalimu na anauliza wale sato wa Mwanza uliowaahidi wanakuja kwa miguu au vipi. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Utanisema baadaye. Sasa hivi nisikilize, maana nina jambo la kukuomba na Jumapili haiko mbali.

Barua ya posa imefuliwa.

Ndiyo, ile ile aliyoileta baba yako mkubwa kwa niaba ya mchumba wangu fundi, na bahasha yake na leso yake ya kijani. Imelowekwa, imefikichwa, imesuuzwa maji mawili. Na hakuna anayejua iliandikwa nini, kwa sababu siku kumi na moja ilikaa nyumbani kwetu bila kufunguliwa!

Unamjua Baba, lakini Baba wa siku hizi humjui. Tangu astaafu bandarini, ukarani ameuhamishia getini. Ana daftari kubwa, lile la kurasa mia mbili, limefungwa na kalamu kwa uzi. "Wa kwanza, katoka saa 2 asubuhi, kanga ya bluu." "Wa pili, karudi saa 12 na robo, kabeba mfuko." Mdogo wangu anaingia zamu za usiku wodini, kwa hiyo kila siku ya zamu anaandikwa hajarudi kwa wino mwekundu, na saa saba za usiku Baba anapiga simu kuuliza kama amekula. Siku moja simu ikapokelewa na daktari. Baba akamhoji daktari yeye ni mtu wa wapi.

Mwezi wa Ramadhani alitundika makopo ya maziwa ya unga nyuma ya geti, manane kwa kamba moja, ili atakayefungua baada ya saa nne usiku asikike. Alfajiri akatoka kwenda msikitini akiwa ameyasahau. Shoga, mtaa mzima uliamka! Watu walitoka na mipini ya majembe, yule kijana wa duka la kona akaja na nyundo, na Baba amesimama katikati yao na kanzu yake nyeupe, kopo moja limenasa kwenye kandambili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Aliyafungua makopo moja moja, akapandia mchicha.

Tena kuna regileta ya gesi. Anaogopa tutalala tumeacha mtungi wazi, basi kila usiku anaichomoa na kulala nayo chini ya mto. Sikukuu ya pili akaondoka nayo mfukoni kwenda Kariakoo, pilau la watu kumi na tano limeloekwa jikoni. Tuliliivishia uani kwa mkaa, na Bibi anasema ndilo pilau bora tangu mwaka juzi.

Turudi kwenye barua.

Unajua tulivyokutana mimi na fundi. Friji ilikuwa inanguruma tu bila kugandisha, na aliyempigia simu fundi ni Baba mwenyewe. Alipofika, Baba akavuta kigoda, akakaa katikati ya jikoni kumlinda kwa saa mbili nzima. Saa ya pili akasinzia. Nilichofanya mimi ni kumpa mgeni maji ya kunywa, mengine unayajua.

Barua ilipokuja, Baba aliipokea vizuri, akawakaribisha wazee kahawa, akasema ataisoma na majibu yatapelekwa. Baada ya hapo, kimya. Mama akiuliza, anajibu anaisoma. Nikaanza kudhani amekasirika, nikawa hata chai siwezi kumpelekea bila mikono kutetemeka. Kumbe anatembea nayo. Nyumbani, msikitini, kwenye bao, barua iko mfuko wa kifuani.

Jumamosi nikafua kanzu zake. Unajua nguo za Baba nafua mimi tangu shule. Sikukagua mfuko, maana mfukoni mwa kanzu ya Baba hakujawahi kukaa kitu zaidi ya tasbihi. Nikafikicha, mkono ukakutana na kitu laini kama ugali wa moto. Nikavuta. Ikatoka leso ya kijani, ndani yake uji wa karatasi, na katikati ya uji noti tano za elfu kumi, nzima kabisa, nyekundu kama zimetoka benki leo. Nimeifua posa yangu kwa mikono yangu mwenyewe, shoga. Nilikaa pale kwenye beseni mpaka povu likaisha.

Baba akanikuta hapo. Sikuweza kusema neno, nikamwonyesha tu kiganja. Hakufoka. Alizichukua zile noti akazitundika kambani kwa vibanio, katikati ya soksi, mpaka jirani wa vitumbua akamuuliza Mama kama tumeuza kiwanja. Halafu akaleta ungo wa Bibi na miwani, akakoroga unga wa ngano kidogo kuwa gundi, akaanza kuvipanga vile vipande juani. Jogoo akaja akakanyaga. Baba akamfukuza, akapanga upya. Mpaka alasiri alikuwa amepata maneno mawili tu yanayosomeka, "binti yenu". Neno "binti" liko upande mmoja wa ungo, "yenu" upande mwingine, na katikati pengo la shibiri nzima.

Ndipo akaniambia, bila kuniangalia, "Ile ya dada yako niliijibu kesho yake asubuhi."

Hakuongeza. Wewe ulikuwepo Dada alipopelekwa Tabora na ngoma, ukawepo aliporudi na begi moja. Tangu siku ile ndipo daftari lilipoanza, mimi sikuwahi kuviweka pamoja. Dada alikuwa jikoni anakuna nazi, nikasikia mbuzi imenyamaza, kisha ikaendelea...

Jioni Mama akauliza barua iko wapi. Kabla sijafungua mdomo, Baba akasema amenyeshewa nayo alipokuwa anarudi kwenye bao. Shoga, mvua haijanyesha hapa wiki tatu! Mama alimwangalia, akaangalia juu, akarudi jikoni. Kwa hiyo kosa langu amelibeba yeye, na siwezi kumtoa kwenye uongo huo bila kumwaibisha.

Sasa tatizo lenyewe. Kwa aibu Baba amehama msikiti, anakwenda kuswali ule wa mbali ili asikutane na baba yako mkubwa. Naye baba yako mkubwa, Mungu amjalie, ameona swahibu yake haonekani, akadhani anaumwa. Ametuma salamu kwamba Jumapili anakuja kumjulia hali. Akiuliza majibu ya posa, Baba atajibu nini?

Mdogo wangu anasema nisihangaike. Eti Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitaka ridhaa ya baba kwa binti ambaye hajafika miaka 18, na mimi nina 29, twende bomani, notisi ni siku 21. Nilimwambia akome. Kwetu sisi Mashafii bila walii ndoa haisimami, na hata ingesimama mimi nisingeitaka. Nataka Baba aushike mkono wa fundi, nisikie kwa sauti yake akisema "nimekuozesha binti yangu". Nimeingojea sauti hiyo tangu tukicheza harusi za vifuu uani kwenu.

Ombi langu ni hili. Barua ile najua aliiandika baba yako mkubwa kwa mkono wake, hakuna mwenye hati kama yake Temeke nzima. Mpigie, umwombe aiandike tena, neno kwa neno kama anakumbuka. Akija Jumapili, aitoe aseme hii ni nakala ya wajomba, nao wasome. Asitaje maji wala mvua. Fundi na watu wake wasijue lolote, wataona tumewadharau. Hela asiweke tena, zile tano zipo, nimezipiga pasi.

Utampigia leo? Au unaona bora nimwendee mwenyewe? Lakini nitamtazamaje usoni? Atakubali kweli, au ni wale wa kusema barua haiandikwi mara mbili? Na ukizungumza naye, unaweza kumdadisi nitaje mahari gani? Mama ananiuliza kila siku, mimi nawaza msahafu na cherehani, wewe unaonaje, ni kidogo? Na utakuja lini, maana bila wewe siingii ndani, unalijua hilo?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Wakati naandika Baba amepita dirishani, ameniuliza barua naandika kwa nani. Nimemwambia kwa wewe. Amesema nikusalimu, akaenda kuandika kwenye daftari.

Wako,
Wa pili