Somo, wamenitaja kwenye uenyekiti

Somo yangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeshaitikia. Hujambo wewe, watoto hawajambo, na joto la Dar linasemaje? Sisi huku juu wazima, ila baridi imewahi kuingia na Baba wa watoto ana kikohozi chake kile kile. Hospitali hataki, anakunywa tangawizi na kulalamika. Bibi anakusalimu sana, anasema bado anakudai kitenge. Mimi simo.

Nimekaa kimya muda mrefu, na ningeendelea kukaa kimya kama si hili. Uchaguzi wa halmashauri ya walei, sisi waumini tusio mapadri wala watawa, umekaribia. Jumapili baada ya misa ya pili, Mama Kanda alisimama pale kwenye ubao wa matangazo akanadi kama yuko mnadani, kwamba kanda yetu inampendekeza fulani kuwa mwenyekiti. Fulani ndiye mimi! Hakuniuliza, hakunikonyeza, hakufanya chochote. Watu wakaanza kunipa mkono, wengine wananiita mheshimiwa tayari. Baba wa watoto ameuliza swali moja tu, nikiwa mwenyekiti nani atapika. Nimemjibu.

Lakini kinachoninyima usingizi si uenyekiti wenyewe. Ni Katekista.

Sijui kama wamekuambia. Goti la kulia limekwisha kabisa. Ile baiskeli anaisukuma zaidi kuliko anavyoipanda, na bado anakwenda vigango vyote viwili, yale makanisa madogo ya parokia, mvua isimame isisimame. Anaongoza ibada ya Neno Padri asipofika, anazika, anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, anakesha na wagonjwa. Posho yake haijatoka tangu kabla ya Kwaresima. Alipouliza kwenye kikao, kwa adabu zake, kofia mkononi, yule mwenye koti la krimu (unamjua) alimwambia, "Katekista, huduma ni kujitoa. Thawabu yako iko mbinguni." Watu wakaitikia amina. Somo, wakaitikia amina! Na kikao hicho hicho kikapitisha fedha za kununua viti vya meza kuu kwa ajili ya ziara ya Askofu, vile virefu vya mgongo, vyenye kitambaa cha rangi ya dhahabu.

Nilirudi nyumbani nikafungua Marko sura ya 10, maana ndiko wanakochota maneno yao. "Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika." Sawa. Sasa soma juu kidogo uone Bwana alikuwa anamwambia nani. Yakobo na Yohana wametoka kuomba viti, mmoja kuume, mmoja kushoto. Wale kumi wamewakasirikia (wangekasirika kwa nini kama na wao hawakuvitamani?). Hao ndio walioambiwa wawe watumishi. Mbele kidogo tu yupo Bartimayo, kipofu, ombaomba wa njiani. Yeye hakuambiwa ajitoe. Aliulizwa anataka afanyiwe nini, na ni swali lile lile walilokuwa wameulizwa wana wa Zebedayo. Wao waliomba viti, yeye akaomba kuona. Miaka yote nimeisoma sura hii na sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja.

Kwa hiyo hubiri la utumishi lilitolewa kwa wanaotaka kukaa mbele, halafu sisi tumeligeuza tunamhubiria anayesukuma baiskeli.

Na usinikumbushe kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Mwaka huu tena wanaume kumi na wawili, wale wale, miguu imesuguliwa nyumbani na kupakwa mafuta, soksi mpya ziko mfukoni. Roma iliruhusu wanawake tangu 2016. Papa Fransisko mwenyewe hakusubiri hata hiyo ruhusa: 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo akaosha miguu ya wafungwa kumi na wawili, wasichana wawili wakiwamo, mmoja wao Mwislamu. Na Aprili 2019, mzee wa miaka 82 anayetembea kwa shida, alipiga magoti akawabusu viatu viongozi wa Sudan Kusini akiwasihi wasirudi vitani. Wakubwa wanaweza kuinama, Somo, wakitaka. Kwetu Katekista ndiye aliyebeba beseni na jagi, kwa goti lile, na hakuna aliyefikiria kumkalisha kwenye benchi aoshwe yeye.

Basi nikajiandaa kwenda kupigana. Ndipo juzi jioni Katekista mwenyewe akaja kwangu. Habari zilikuwa zimemfikia. Akaniambia, "Mwanangu, usidai fedha kwa jina langu. Mimi sikuitwa na halmashauri." Nikamwambia na mama, mkewe, naye hakuitwa na halmashauri, lakini ndiye anayekopa unga dukani. Akanyamaza. Kisha akaomba chai nyingine, akaanza kunieleza habari za mihogo.

Amenichanganya, nakiri. Maana hatanii, anaamini hivyo kweli, na kwa imani yake hiyo ndiyo vigango vile vimesimama. Nikimdai posho kwa nguvu ni kama namvua kitu alichokivaa maisha yake yote. Lakini Paulo kwa Wakorintho, barua ya kwanza, ile sura ya 9, anasema Bwana ameamuru waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, halafu anasema yeye binafsi hakuitumia haki hiyo. Aliiacha mwenyewe. Hakunyimwa na mwenye koti la krimu. Ukiacha haki yako umejitoa. Ukinyimwa na wenzako, halafu wakakuitikia amina...

Afadhali Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahaulika kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwafanyia wajane semina ya uvumilivu. Waliita watu, wakachaguliwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote majina ya Kiyunani! Yaani mgao ulikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Hiyo ndiyo kamati ya fedha ninayoitaka. Mke wa Katekista aingie, na yule mjane wa kigango cha chini anayejua bei ya kila kitu.

Ila nikikubali, nitakaa kwenye kiti kile cha dhahabu siku ya Askofu, na wenzangu wa WAWATA, wanawake wenzangu Wakatoliki, watakuwa jikoni hadi saa kumi wakisubiri ukoko wa pilau. Au nikatae kiti, nibaki jikoni? Watasema najionyesha. Nikikaa watasema nilikuwa nakitaka tangu zamani. Mama Kanda ataanza yeye.

Sasa nijibu, wewe uliyekuwa katibu. Posho ya makatekista ilitakiwa itoke kwenye zaka au kwenye mchango wa tegemeza? Iliwahi kuandikwa mahali, au ilikuwa maneno ya Padri yule wa kwanza tu? Lile daftari la kumbukumbu za vikao ulilikabidhi kwa nani, maana huku kila mtu anasema liko kwa mwenzake? Unaweza kumpigia Katekista? Wewe anakusikiliza, mimi ananiona bado mtoto wa komunyo. Mumeo si alifanyiwa tiba ya goti hapo Dar, ilimgharimu kiasi gani, na ilisaidia? Na mimi nijaze fomu, nisijaze? Niambie wazi, usinizungushe kwa mithali zako. Fomu zinarudishwa Jumapili ya Utatu.

Wasalimie wote.

Ni mimi,
Somo wako

N.B. Ukimpata Mama Kanda kwenye simu, barua hii hujaiona.