Malalamiko kuhusu filamu ya mzimu mliyotuuzia na jinsi watazamaji wa Dodoma walivyoipokea

Nkuhungu,
Dodoma.

Meneja wa Usambazaji,
(Jina la kampuni limeondolewa katika nakala hii ya wazi)
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FILAMU YA KUTISHA ILIYOTANGAZWA KWA UPOTOSHAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msimamizi wa ukumbi mdogo wa kuonyesha filamu hapa Nkuhungu, jijini Dodoma. Naandika kulalamikia filamu ambayo kibali cha kuionyesha mlituuzia mwezi uliopita, ile ya mwendesha mashine ya kusaga aliyeuawa na kisha mzimu wake ukarudi na panga kulipiza kisasi kwa wapangaji wa nyumba alimofia. Wakala wenu, nilipompigia simu, alinijibu kwamba filamu hiyo ni ya bajeti ndogo na kwamba watazamaji wa Dodoma hawajazoea filamu za aina hiyo. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, kwa kuwa hakuna hata mtazamaji mmoja aliyenilalamikia umaskini wa filamu, bali wote walilalamika kwamba walichoahidiwa mlangoni sicho walichokiona ndani.

Naanza na bango, kwa sababu ndilo lililowaleta watu. Limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba hiki ni kisa cha kweli kilichotokea katika kijiji kilicho karibu na Chamwino, na nusu nzima ya bango imejaa sura ya mwigizaji ambaye kila mtu hapa anamfahamu. Mwigizaji huyo anaonekana katika tukio moja tu, akiwa muuza duka anayemuuzia binti mishumaa, kisha tunaambiwa na mhusika mwingine kwamba ameuawa usiku. Hata maiti yake haionyeshwi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliokuwa viti vya nyuma waliendelea kuulizana hadi mwisho kama steringi atafufuka. Ama kuhusu hicho kijiji cha Chamwino, nyuma ya nyumba ya wapangaji imeonekana minazi mirefu ikipepea, na ukumbi mzima ukaangua kicheko katika dakika ambayo, kwa mujibu wa muziki, tulipaswa kutetemeka. Mzee mmoja aliyezaliwa hukohuko Chamwino alitaka kujua ni lini mibuyu ya kwao iligeuka kuwa minazi. Mzee wa kijiji katika filamu, anayetajwa kuwa Mgogo, hakutamka hata “mbukwa”, salamu ya Kigogo, alipowasalimu wageni wake. Mngeiita hadithi ya kubuni, hayo yote tungeyapitisha kimyakimya, lakini mkishaandika “kisa cha kweli” mnawapa watu wa mahali husika haki ya kukikagua.

Jambo lililowaudhi zaidi wapenzi wa filamu hizi, na hapa naomba mfikishe ujumbe kwa mtayarishaji pia, ni mzimu kutofuata masharti yake wenyewe. Mwanzoni mganga anawaeleza wapangaji, polepole na kwa msisitizo, kwamba mzimu huu huja pale tu umeme unapokatika. Hilo ni wazo zuri sana kwa watu wanaojua kukatika kwa umeme ni nini, na nilihisi ukumbi ukitulia kulisikiliza. Muda si mrefu mzimu ukatokea sebuleni chini ya taa inayowaka na feni inayozunguka, na vijana wakaanza kupiga kelele, “Umeme upo! Umeme upo!” Baadaye mzimu huohuo, ambao tulikuwa tumeuona ukipenya ukuta wa jikoni, ukasimama nje ya chumba cha binti na kuugonga mlango kwa mpini wa panga. Mama mmoja akauliza kwa sauti, “Mzimu gani huyu anayepiga hodi?” Kuanzia hapo sikuwa tena na filamu ya kutisha ukumbini, nilikuwa na kichekesho. Mtazamaji wa filamu za mizimu hukubali jambo lolote lisilowezekana, ilimradi aelezwe mipaka yake mapema na mipaka hiyo iheshimiwe, kwa maana hofu yake yote hutokana na kujua ni lini hatari inaweza kuja na ni wapi mtu anaweza kujificha.

Matukio ya usiku ni meusi kiasi kwamba watu walidhani projekta imezima. Sauti ya mazungumzo ilikuwa ya chini mno, na nilipoiongeza, ukelele uliofuata ulikaribia kupasua spika. Niliweka filamu nyingine kwa vifaa vilevile na haikuwa na tatizo lolote.

Sasa nirudi kwenye hoja ya bajeti, maana wakala wenu aliitumia kama ngao. Filamu ya John Carpenter iitwayo Halloween, ya mwaka 1978, ilitengenezwa Marekani kwa takriban dola 300,000, kiasi kidogo kwa viwango vya kule, na kinyago cha muuaji wake kilinunuliwa dukani kikapakwa rangi nyeupe. Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe kwa takriban dola 15,000. Zote mbili zilitisha watu kwa kuwasubirisha, na kusubirisha hakuhitaji fedha. Wala si lazima twende Marekani kutafuta mfano, kwani filamu yenu yenyewe inao. Kuna tukio ambalo mama wa marehemu amekaa peke yake nje ya mashine ya kusaga iliyofungwa kwa kufuli, anachambua mtama, na mashine inaanza kunguruma ndani. Haonyeshwi mzimu, haionyeshwi damu, hakuna muziki. Mama anaacha kuchambua, anasikiliza, kisha anaendelea na kazi yake kana kwamba amemtambua anayesaga. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na waendesha bodaboda waliokuwa wakitania tangu mwanzo hawakutamka neno. Bila shaka tukio hilo ndilo lililogharimu fedha kidogo kuliko yote, na ndilo ambalo watu walinisimulia walipokuwa wakitoka. Ndiyo sababu sikubaliani na kauli kwamba watu wa hapa hawajazoea. Vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video, vya mji huu vimeonyesha wauaji wa panga kwa miaka mingi, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 ukumbi wangu unapokea watazamaji kutoka kila mkoa, kwa hiyo sielewi mnapomtaja mtazamaji wa Dodoma mnamfikiria nani.

Lililoharibu kabisa usiku ule ni mwisho, au tuseme kukosekana kwake. Binti amefungua mlango, panga limeinuliwa, na yakajitokeza maandishi kwamba kisa kitaendelea katika sehemu ya pili. Hakuna mahali popote kwenye bango, kwenye trela wala kwenye risiti yenu palipoandikwa kwamba tunanunua sehemu ya kwanza. Naijua desturi ya kuikata filamu moja vipande viwili ili iuzwe mara mbili, lakini kuificha ni jambo jingine. Watu walinizunguka wakidai kiingilio chao cha shilingi 1,000, na niliwarudishia wote walioomba, kwa sababu wao hawana mkataba nanyi, wananifahamu mimi.

Lipo pia suala la umri. Bango na nakala mliyotuletea havina alama yoyote ya daraja la watazamaji, ilhali filamu ina watu wanaokatwa shingo. Niliwazuia watoto mlangoni kwa uamuzi wangu binafsi, na baadhi ya wazazi wakanikasirikia kwa kuwa bango halikuwaonya.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ada ya kibali, au mnipatie sehemu ya pili bila malipo pamoja na nakala ya sehemu ya kwanza iliyorekebishwa sauti na mwanga. Aidha, naomba mbadilishe mabango yote yaliyoko mikoa ya kati ili yaonyeshe kuwa ni sehemu ya kwanza, yataje umri unaoruhusiwa, na yaondolewe maneno “kisa cha kweli”. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha suala la matangazo kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na suala la daraja la umri kwa Bodi ya Filamu Tanzania.

Naambatisha nakala ya risiti na picha ya bango. Bango lenyewe nimelishusha na kulihifadhi ofisini, na wakala wenu anaweza kulifuata siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa Ukumbi,
Nkuhungu, Dodoma.