Barua kwa binti yangu anayetaka kuchunguza hewa ya Titan

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi huku wazima, nyanya yako miguu inampa nafuu, na mvua imeanza kushika upande wa Nyando. Barua yako tumeisoma mimi na mama yako, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye swali lako.

Unauliza kama kuna maana ya kutumia shahada ya uzamili kuchunguza angahewa ya Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, kwa darubini za hapa duniani, ilhali chombo cha angani cha Cassini kilishakwenda kwa Zohali na kingine, Dragonfly, cha kutua Titan kwenyewe, kinatengenezwa. Wenzako huko Njoro wanakwambia kazi ya darubini imekwisha. Haijaisha hata kidogo, na nakujibu kama mtu aliyekula mkate wake kwa kupima hewa.

Habari yenyewe ilianzia ardhini. Mwaka 1944 Gerard Kuiper alitangaza matokeo aliyoyapata kwa darubini ya McDonald kule Texas. Alikuwa ameuchambua mwanga wa Titan rangi kwa rangi, akakuta sehemu zake zimefifia pale pale ambapo gesi ya methani humeza mwanga. Hivyo ikajulikana kwamba mwezi ule una hewa, miaka 36 kabla chombo cha angani cha Voyager 1 hakijapita karibu nao. Voyager ndiyo iliyoonyesha kwamba hewa hiyo kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, na kwamba shinikizo lake kwenye uso wa Titan linazidi letu kwa karibu nusu, penye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Kisha tarehe 3 Julai 1989 Titan ikapita mbele ya nyota iitwayo 28 Sagittarii, na watazamaji wa Ulaya wakawa tayari. Nyota haikuzimika ghafla. Ilififia polepole kadiri mwanga wake ulivyopenya tabaka za hewa, na katikati ya kivuli cha Titan ukatokea mmweko. Kutokana na umbo la mmweko huo wakakokotoa kwamba upepo wa juu unauzunguka mwezi kwa kasi kuliko mwezi wenyewe unavyojizungusha. Mimi habari hiyo hainichoshi. Upepo umepimwa na watu ambao hawakuondoka Ulaya!

Sasa hoja yangu kubwa. Mwaka mmoja wa Zohali, na kwa hiyo wa Titan, ni karibu miaka 29 na nusu ya kwetu. Cassini ilifika 2004 na ikamalizia safari Septemba 2017. Miaka 13 ni kazi kubwa, lakini haifiki hata nusu ya mwaka wa kule. Hakuna mtu wa hali ya hewa atakayekubali kwamba umeijua Kisumu kwa kupima mvua kuanzia Januari hadi Juni, basi. Darubini za ardhini ndizo zilizokuwepo kabla ya Cassini na ndizo zinazoendelea baada yake. Mwaka 2001 darubini ya Keck iliona mawingu karibu na ncha ya kusini ya Titan, kiangazi cha upande huo kikikaribia kilele. Kilele hicho kitarudi mwaka 2032 hivi. Je, mawingu yatarudi pale pale? Hilo litajibiwa na atakayekuwa anatazama wakati huo, na Dragonfly inatarajiwa kufika 2034. Hata ikifika, itatua mahali pamoja tu, kisha itaruka hatua kwa hatua kutoka hapo. Kituo kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakikuambii kinachonyesha upande wa pili.

Wala darubini za angani hazijaziondoa za ardhini kazini. Novemba 2022 darubini ya Webb iliona mawingu kwenye kaskazini ya Titan, na siku mbili baadaye Keck ikaelekezwa huko kuangalia kama yanasogea au yanabadilika.

Unakumbuka lile sanduku jeupe la mbao pale kituoni, lenye themometa mbili? Moja ni kavu, ya pili imefungwa kitambaa kinachonyonya maji kutoka kikombe kidogo. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaani huvukiza upesi na themometa hiyo hushuka. Tofauti ya namba mbili ndiyo inayokupa unyevu. Asubuhi za masika hapa kando ya ziwa, namba hizo karibu zinalingana. Hewa ya namna hiyo ndiyo adui wa darubini zako, kwa sababu mvuke wa maji humeza sehemu kubwa ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na mawimbi mafupi ya redio. Ndiyo maana ALMA, darubini ya mawimbi ya redio yenye antena 66, imejengwa kwenye jangwa la Atacama kule Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na Keck iko kileleni Mauna Kea, Hawaii.

Kwa hiyo usilie kwamba Kenya haina darubini ya namna hiyo. ALMA imekuwa ikiitazama Titan kwa dakika chache chache ili kusawazisha vipimo vyake, na data hizo zimewekwa kwenye kumbukumbu iliyo wazi kwa umma. Ugunduzi wa kemikali iitwayo vinili sayanidi kwenye hewa ya Titan, uliotangazwa 2017, ulitoka kwenye data za namna hiyo zilizopimwa 2014. Aliye na kompyuta, intaneti na hesabu safi anaweza kuzifungua akiwa Njoro. Hesabu unazo, mwanangu. Nimeziona daftari zako.

Karo usiibebe peke yako. Pesa za miwa zikiingia tutakaa na mama yako tuone tunaanzia wapi. Kwanza mtafute mwalimu atakayekusimamia, umuulize kama anafanya kazi na data za ALMA au picha za infraredi za Keck, maana masomo ya kujiandalia ni tofauti. Akikujibu, nipigie jioni, baada ya saa moja, nikiwa nimerudi nyumbani.

Akupendaye,
Baba