Barua kwa mwanangu: padre aliyepasua mawe yake

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, pamoja na swali lako: watu waliujuaje mpangilio wa ndani ya fuwele, yaani vitu vigumu vyenye nyuso bapa za asili kama punje za chumvi, kabla hakijapatikana chombo cha kuuona? Nimeona simu haitoshi kukujibu, kwa kuwa jibu lenyewe limo katika maisha ya mtu ninayemheshimu tangu nikiwa mwanafunzi kama wewe.

Mtu huyo ni René Just Haüy, aliyezaliwa mwaka 1743 huko Saint-Just, kaskazini mwa Ufaransa, mtoto wa mfuma kitani maskini. Alisoma Paris, akawa padre na mwalimu. Aliipenda kwanza mimea, hata siku alipohudhuria mihadhara ya mwanasayansi Daubenton kuhusu madini, na tangu hapo hakuyaacha tena.

Siku moja, akitazama madini ya rafiki yake, fuwele ya kalisiti ilimponyoka ikameguka. (Kalisiti unaijua: ndiyo iliyoyajenga yale mawe yanayoning'inia katika mapango ya Amboni.) Fuwele hiyo ilikuwa nguzo ya pande sita, lakini palipomeguka palitokea umbo jingine kabisa, mfano wa kisanduku kilichosukumwa kikalala upande, nyuso zake zikiwa laini kama kioo. Haüy alirudi nyumbani, akazitoa kalisiti zake mwenyewe, zenye sura mbalimbali, akazipasua moja baada ya nyingine, na kila moja ikampa kisanduku kilekile. Naomba utulie hapa, mwanangu. Ajali ilimwonyesha jambo mara moja tu, naye hakuliamini mpaka alipoitoa mali yake ivunjike.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1784 alieleza kwamba fuwele hujengwa kwa vitofali vidogo mno vinavyofanana, tabaka juu ya tabaka; kila tabaka likipungukiwa safu moja au mbili, ukingo huonekana kama uso ulioinama, jinsi ngazi zinavyofanana na mteremko ukizitazama kwa mbali. Leo tunasema ni atomi, wala si vitofali, lakini eksirei zilipopitishwa ndani ya fuwele mwaka 1912, ule mpangilio wa kujirudiarudia ulikuwamo.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakumwacha salama. Agosti 1792 alifungwa pamoja na mapadre wenzake waliokataa kula kiapo kilichodaiwa na serikali, na inasimuliwa kwamba aliomba aletewe fuwele zake humo kifungoni akaendelea na kazi. Geoffroy Saint-Hilaire, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, alihangaika mpaka akatolewa, muda mfupi tu kabla ya mauaji ya wafungwa ya Septemba yaliyowamaliza wengi wa waliobaki. Kila nikifika hapa, moyo hunienda mbio. Kitabu chake kikubwa cha madini kilitoka mwaka 1801, uprofesa wa Makumbusho ya Paris ukafuata mwaka 1802, naye akafariki mwaka 1822.

Sasa chukua punje kubwa ya chumvi ya mawe, uiweke juu ya sahani, uegemeze wembe sambamba na uso wake mmoja, kisha uugonge taratibu. Vitazame vipande kwa lenzi, upasue tena kile kidogo kabisa, halafu uniandikie umeona umbo gani.

Akupendaye,
Mama yako