Barua kwa Salma kuhusu maelezo ya zana ya kalenda

Dar es Salaam

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimeyapokea maelezo ya zana yenu ya kutafuta matukio ya kalenda, nikayasoma pamoja na orodha ya vigezo vyake, yaani taarifa ambazo zana hudai ipewe inapoitwa, na kwa kuwa uliniomba nisikufiche kitu, nitaanza na lililo zito. Maelezo yale yanamfaa msanidi programu mwenzako, ambaye akikwama atakupigia simu au atafungua msimbo autazame mwenyewe. Wakala wa akili unde, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kumfanyia mtu kazi, hana njia hizo mbili. Mkiiunganisha zana kwa MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje iliyotolewa na Anthropic mwezi Novemba 2024, anachokiona wakala ni jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo, yaani muundo wake rasmi. Akikuta pengo, mara nyingi hatasimama kuuliza, bali atalijaza kwa makisio na kumjibu mtumiaji kana kwamba amesoma mahali.

Kwa hiyo sentensi yako, "Hutafuta matukio kwenye kalenda", haitoshi. Iseme wazi kwamba zana inasoma tu, haipangi kikao wala haitumi mwaliko, na kwamba inataka kipindi chenye mwanzo na mwisho. Ongeza pia kwamba maneno kama "kesho" na "wiki ijayo" yageuzwe kuwa tarehe kamili kabla ya kuiita. Modeli yenyewe haina saa ukutani. Isipopewa tarehe ya leo na mfumo unaoiendesha, itakisia kutokana na matini iliyofunzwa nayo, na inaweza kukosea hata mwaka. Ningependa kila jibu la zana lianze na wakati wa sasa, kwani gharama yake ni mstari mmoja tu.

Kigezo cha "kuanzia" umekieleza kuwa ni "tarehe na saa", ukaishia hapo. Taja muundo wa RFC 3339, kanuni ya kimtandao ya kuandika tarehe na saa, na uweke mfano, 2026-08-10T14:00:00+03:00, kisha katika majibu uweke jina la ukanda wa saa, kama Africa/Dar_es_Salaam. Sisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tuko kwenye +03:00 mwaka mzima, na ndiyo maana huwa tunadhani tarakimu hizo zinatosha. Lakini Kigali na Lubumbashi wako saa moja nyuma yetu, na London hubadilika: kikao cha kila wiki kilichopangwa kuanza 09:00 kwa saa za huko, kwetu huwa 12:00 wakati wa baridi yao na 11:00 wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Sasa nifike kwenye saa zetu wenyewe, ambazo hazimo katika mwongozo wowote utakaounakili kutoka nje. Mtumiaji wenu ataandika "nina nini kesho saa mbili?" Saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00, hayo wakala mwenye mfano mbele yake atayamudu. Saa nane usiku ni ngumu zaidi, maana ni 02:00 ya tarehe ambayo kompyuta imekwisha kuibadilisha ilhali kwa msemaji usiku ni ule ule. Kuna tena "usiku wa Ijumaa", ambao kwa wazee wengi wa pwani huanza jua likizama Alhamisi, na kwa karani wa ofisini ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Juu ya hayo wapo wanaoandika "saa 8:00" kama simu inavyoonyesha, wakimaanisha asubuhi. Sioni sababu ya kuifundisha zana kupokea mitindo yote hii. Ipokee mfumo wa saa 24 peke yake, lakini maelezo yabebe mifano hiyo, na yaagize kwamba pale asubuhi au usiku haukutajwa, au pale usiku unapoangukia kati ya tarehe mbili, wakala amuulize mtumiaji kwanza. Najua mwenzako mmoja atalalamika kwamba maswali yanachosha watu; kukosa kikao kunachosha zaidi.

Kuhusu matukio ya siku nzima, zana yenu inafuata iCalendar, kanuni ya programu za kalenda kubadilishana matukio, yaani RFC 5545 ya mwaka 2009, ambamo tarehe ya mwisho haihesabiwi. Nane Nane itatoka ikiwa na mwanzo 2026-08-08 na mwisho 2026-08-09, na wakala asiyeambiwa atamtangazia mtu sikukuu ya siku mbili. Mwambie. Idd nazo, kwa kuwa hutegemea mwandamo wa mwezi, zipewe alama kwamba tarehe ni ya muda. Matukio yanayojirudia yarejeshwe moja moja ndani ya kipindi kilichoombwa.

Kilichonitia wasiwasi kuliko vyote ni orodha tupu. Kwa sasa zana hurudisha orodha tupu mtu asipokuwa na tukio, asipokuwa ametoa ruhusa ya kalenda yake kusomwa, na hata jina la kalenda likikosewa. Katika hali zote tatu wakala atasema "huna kitu siku hiyo", na katika mbili kati ya hizo atakuwa amesema uongo bila kujua. Hili halirekebishwi kwa maelezo peke yake; zana itoe ujumbe tofauti kwa kila hali, nayo maelezo yataje kila ujumbe na hatua inayofuata.

Andika vilevile kwamba kichwa na maelezo ya tukio ni data, si maagizo. Mwaka 2025 watafiti walionyesha jinsi mwaliko wa kalenda uliofichwa amri ndani yake ulivyoweza kumpotosha Gemini, msaidizi wa Google. Onyo lenu halitazuia yote, kwa hiyo ruhusa ya kusoma tu ibaki hivyo.

Ili kupata nafasi, ondoa aya mbili zinazosimulia hifadhidata mliyotumia na historia ya mradi. Zinasomwa kila mara wakala anapoanza kazi, na hazimsaidii kuchagua kigezo hata kimoja.

Ukimaliza, chukua maswali halisi ya watumiaji wenu, uyafute majina, uyapitishe kwa wakala mwenye maelezo ya zamani na kwa mwingine mwenye mapya, kisha linganisha vigezo ambavyo kila mmoja alivitumia kuiita zana. Nitumie matokeo hayo pamoja na rasimu, hasa yale ya saa za usiku.

Wako,
Mwanaidi