Mwanangu, usizisugue hizo sarafu

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeipata juzi jioni, mjomba wako kashuka na meli kutoka Nansio akaja nayo moja kwa moja mpaka stendi akanikuta napakia abiria, nikaiweka mfuko wa shati nikaendelea na kazi, nimeisoma saa nne usiku baada ya kukabidhi hesabu. Nimefurahi sana. Hisabati umesema imepanda, vizuri. Mama yako anasema blanketi utaletewa wiki ijayo. Haya mambo mengine ya nyumbani mdogo wako kakuandikia upande wa pili, mi nataka niongee na wewe kuhusu ile kitu uliyoisema mwishoni mwishoni kabisa, yaani kama vile sio muhimu, eti kuna siku ya maonesho hapo shuleni na unataka kupeleka sarafu zako, na mwenzio wa bwenini kakwambia uzisugue na limao na majivu ziwake kama mpya.

Mama, usizisugue. Kama hujaanza, acha. Kama umeshaanza hata moja, ishia hapo hapo.

Nakuandikia hii kwenye simu, kesho naipeleka steshenari hapo Buzuruga waniprintie maana najua simu hamruhusiwi, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka, naandika huku nimechoka lakini sitaki nilale kabla sijamaliza.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. We unajua sarafu tulianza kuzikusanya ulipokuwa darasa la nne, ile siku uliniuliza mbona hii mia mbili imeandikwa 1998 na hii 2014 wakati simba wale wale wawili na Mzee Karume yule yule. Ukadhani ni wewe uliyeanza. Ukweli mi nilianza zamani, nikiwa mdogo kuliko wewe, kule Kayenze kwa bibi mzaa baba yangu. Bibi alikuwa na fundo kwenye pindo la kanga yake, ndani ya fundo kuna senti za tundu, zile za Afrika Mashariki zenye pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, alizitunga kwenye uzi wa nyavu. Alikuwa ananihesabia, hii ndururu, hii peni, na hii isiyo na tundu thumni. Ndururu ni senti tano, peni senti kumi, thumni senti hamsini, uliza wazee wa huko Ukerewe watakwambia hivyo hivyo. Na katikati ya hizo kulikuwa na moja ya shaba ya njano, nzito kidogo, imeshakuwa kahawia kama maji ya chai. Upande mmoja ina taji na mwaka 1916 na herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa Kijerumani, upande wa pili namba 20 na matawi mawili, chini yake herufi T.

Hiyo T ni Tabora. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Waingereza walifunga bahari, meli za Wajerumani zikawa haziwezi kuleta hela huku, sasa wenyewe wakaanza kutengeneza sarafu kwenye karakana ya reli pale pale Tabora, wanayeyusha vyuma chakavu na maganda ya risasi za mizinga. Heller ishirini. Heller mia moja ndo rupia moja, ndo hela yao ilivyokuwa. Waliendelea hivyo mpaka Septemba 1916 Wabelgiji walipotokea Kongo wakaichukua Tabora, Mwanza yetu ilishachukuliwa na Waingereza tangu Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo fikiria, kitu kilichotengenezwa muda mfupi tu, kwenye mji ambao leo ukipanda treni hapa unafika, tena na mafundi wa reli, sio kiwanda cha hela. Babu yake bibi aliipata akiwa mpagazi, alibebeshwa mizigo ya jeshi, akarudi nayo. Hiyo tu ndo alirudi nayo.

Bibi akanipa siku moja niishike wakati anaanika dagaa. Nikaenda nayo mpaka kwenye maji, nikachukua mchanga laini wa ziwani na kipande cha ndimu, nikasugua. Nilitaka kumfurahisha, nilitaka irudi inang'aa kama dhahabu. Ikang'aa kweli. Nikaona inang'aa nikazidisha, nikasugua upande wa T, nikasugua na upande wa taji, nikarudi nayo mbio. Bibi akaishika akaigeuza, akaipapasa na kidole gumba pale taji lilipokuwa, hakusema neno. Akaifunga kwenye fundo lake. Ile shaba ilikuwa imeshalika na vidole vya watu wengi, alama zilikuwa zimebaki kidogo tu, hicho kidogo nikakimaliza mimi kwa mchanga, mwaka hausomeki, T imebaki kama kovu. Ndo hiyo uliyoiona kwenye kopo letu ukaniuliza hii ni kitu gani baba, nikakwambia ni washa ya bolti. Sio washa mwanangu. Ndio hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini haifai, sio kwa sababu ya hadithi tu. Ile rangi ya kahawia au ya kijivu inayokaa juu ya shaba sio uchafu, ni shaba yenyewe imekutana na hewa na jasho miaka na miaka ikajifunika, na ikishajifunika ndani inatulia. Ukiweka limao ile asidi inakula lile funiko na inakula na chuma chenyewe, ukiweka majivu au mchanga unakwaruza, tena mikwaruzo midogo ambayo wewe huioni ila mtu anayezijua sarafu akiigeuza tu kwenye mwanga anaiona, na hawezi kuitaka tena. Na hizi zetu za siku hizi ndo mbaya zaidi, maana nyingi ni chuma cha kawaida kimepakwa tu juu. Chukua ile sumaku niliyokutolea kwenye spika mbovu, weka kwenye jero, ile mia tano, inakamata. Ukisugua ukatoboa ule mpako, maji yanaingia, inaanza kutu. Ushaona mwenyewe zinazotoka Mwaloni kwa wauza dagaa, chumvi na unyevu vimeingia, zina madoa mekundu.

Kama ina tope kabisa, iloweke kwenye maji safi na sabuni kidogo sana, itoe, iweke juu ya kitambaa laini uigandamize ikauke, usifute. Basi. Na uishike pembeni, kwenye ukingo, vidole visiguse uso. Na zile bahasha ndogo za karatasi nilizokukatia ndo uzihifadhi humo, usije ukaziweka kwenye vile vimfuko vya plastiki laini vinavyonata, vingine vinatoa ute wa kijani ukashika kwenye shaba na hautoki.

Na wanaokucheka kwamba unakusanya chenji kama ombaomba, umeniandikia hilo na naona limekuuma. Mi sitakwambia usiwajali, najua inauma. Ila wapelekee sarafu mbili za shilingi moja moja. Nimeziweka kwenye bahasha pamoja na barua hii. Moja ni ya 1966, ya Mwalimu na Mwenge, nyingine ni ya 1987, uso wa Mzee Mwinyi, Mwenge ule ule. Weka sumaku kwenye ya 1966, haishiki, kwa sababu ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Weka kwenye ya 1987, inashika tap, ni chuma kimepakwa nikeli. Miaka ishirini na moja hapo katikati, thamani iliyoandikwa ni ile ile, shilingi moja, ila serikali haikuweza tena kuiweka shilingi moja ndani ya chuma cha gharama, shilingi yenyewe ilishashuka. Huyo anayecheka muulize darasani kuna kitu gani kingine unaweza kumwonesha mtu kupanda kwa bei kwa kutumia sumaku ya spika. Mwalimu wenu wa historia atakaa.

Na mwambie habari ya Juni 14, 1966 pia. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tunatumia hela moja na Kenya na Uganda, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mvuvi aliweza kutoka hapa na peni yake ya tundu akashuka Kisumu akanunua chai, akavuka mpaka Port Bell akanunua ndizi, sarafu ile ile, hakuna kubadilisha. Ziwa zima lilikuwa na chenji moja. Mi hilo huwa linanigusa sana, sijui kwa nini, nikiwa kwenye mlango wa gari naona ziwa pale Kirumba huwa nalikumbuka.

Ndo maana ile sarafu ya Uganda sikuirudisha. Unakumbuka? Abiria alinipa usiku kwenye giza nikajua mia mbili yetu, mtu wa Mwaloni yule, nadhani naye alipewa na wafanyabiashara wanaokuja kuchukua dagaa. Nilikasirika mpaka nilipofika kwenye taa pale Mabatini nikaigeuza nikaona samaki. Samaki kabisa, kwenye hela. Mia mbili ya Uganda ya 1998. Anafanana na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na furu wa sasa sio kama wa enzi za bibi, sangara kawapunguza sana. Nikafidia mia mbili kutoka mfukoni kwangu nikaichukua. We ukaipa nafasi ya kwanza kwenye kopo, na ulifanya sawa.

Nikwambie na utaratibu wangu, maana umeuliza napataje nyingi hivyo bila tajiri mwenye gari kugomba. Sarafu zote ni za tajiri mpaka hesabu iishe, kwa hiyo nikiiona ninayoitaka naweka yangu ya thamani ile ile ndo naitoa, hata kama ni hamsini. Asubuhi ndo wakati mzuri, wanafunzi wanalipa mia mbili mbili, na mtoto mara nyingi kapewa na bibi yake iliyokaa chini ya godoro miaka. Mi huwa nazichezesha mkononi ili abiria watoe nauli, we unajua ile sauti, sasa nikizichezesha huku nazisoma na kidole, hamsini ina pembe saba utaijua hata gizani, mia ina swala wanakimbia, jero ina nyati. Jioni nakaa nyuma ya gari nazimwaga kwenye kofia, natafuta mwaka. Siweki nyingi. Kila mwaka moja, na nikipata safi zaidi ile ya zamani inarudi kazini, chenji yenyewe hapa mjini ni ya shida, watu wanapewa pipi madukani, mi siwezi kuwa nimefungia sarafu mia mbili za hamsini kwenye kopo wakati mama wa watu anadai hamsini yake mlangoni.

Wewe pia fanya hivyo hivyo, na usitoe hela ya matumizi kununua sarafu kwa mtu. Kuna mtu akikwambia ana ya mamilioni, kimbia. Zinazopita kwenye mikono yetu thamani yake nyingi ni ile iliyoandikwa, na inatosha.

Siku ya maonesho zipange kwa karatasi nyeupe chini, usigundishe na gundi. Andika kwa penseli mwaka, na ulipoipatia, hilo la ulipoipatia usiache, mfano hii Mabatini usiku, hii kantini. Ile iliyosuguliwa ya Tabora nimeiweka pia kwenye bahasha, imefungwa peke yake kwenye kitambaa cha bibi. Iweke mwisho wa mstari. Wakikuuliza mbona haina kitu, waeleze ilikuwa na nini.

Halafu naomba unisaidie, hamsini ya 2012 niliyonayo ina kutu kwenye kifaru, sijapata nyingine nzuri mwezi wa tatu sasa. Huko Nansio chenji haizunguki sana kama huku, inakaa. Mwombe mama wa kantini akuruhusu uangalie bakuli lake kabla hajafunga, mpe hamsini uchukue hamsini, na umsalimie, mwambie konda wa Igoma anamshukuru.

Baba yako